Maswali ya Wasomaji: Mlipuko wa ugonjwa ukirudi, kazi itahamiaje nyumbani?

SWALI: Nina ofisi ya uwakala wa forodha karibu na bandari, tuko tisa. Korona ya 2020 ilitukuta hatujajipanga: kila mtu alitumia bando lake, mikutano ikawa ya kukatika-katika, mwisho tukarudi wote ofisini. Safari hii nataka utaratibu wa maandishi mapema. Nianzie wapi, na bando nilipe kiasi gani? — Msomaji, Kurasini

JIBU: Anza na kazi, watu baadaye. Orodhesha kazi za wiki, na mbele ya kila moja andika inadai nini: karatasi yenye muhuri, kufika bandarini, au kompyuta tu. Utagundua wengi wanahitajika ofisini siku mbili tatu, si tano. Hao wagawe makundi mawili yanayopokezana wiki kwa wiki bila kukutana. Wanaojua kazi ileile usiwaweke kundi moja. Akiugua mmoja, mwenzake naye atakaa karantini na kadhia (nyaraka za forodha za mizigo) zitalala. Kundi la zamu liingie saa nne asubuhi, daladala zikiwa zimepumua.

Bando lipime, usikisie. Mkutano wa video wa watu kadhaa hula takriban GB 1 hadi 2 kwa saa; wa sauti tupu haufiki MB 100. Kikao cha nusu saa kila siku ya kazi ni saa 10 kwa wiki nne: GB 10 hadi 20 kwa video, chini ya GB 1 kwa sauti. Zimeni kamera. Mlaji mwingine ni kompyuta yenyewe, maana ikiunganishwa na hotspoti ya simu hudhani iko kwenye Wi-Fi ya ofisi, inajipakulia masasisho ya GB kadhaa, kisha lawama zinakwenda kwa kampuni ya simu. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi, ionyeshe kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo (“metered connection”). Na posho itoke mwanzo wa mwezi. Ukisema “nunua nitakurudishia”, tarehe 20 mtu hana kitu mfukoni na kazi inasimama.

Umeme nao uhesabu. Kompyuta mpakato ya wati 40 kwa saa 9 hutumia uniti 0.36, kama uniti 7 kwa siku 20. Feni ya wati 60 kwa muda huohuo ni karibu uniti 11! Kwa joto la Dar, ukilipia kompyuta ukasahau feni umelipia chini ya nusu. Kwa ruta, tafuta betri yake ndogo. Ya wati-saa 30 (Wh 30) huivusha saa mbili hivi umeme ukikatika, ila hakikisha volti zinalingana (9 au 12), la sivyo utaiunguza.

SWALI: Bosi hunipa kazi saa tatu usiku kwa sababu “si uko nyumbani”. Nikiugua ananiambia nichukue likizo yangu ya mwaka. — Msomaji, Tabata

JIBU: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haijali umekaa wapi. Ukomo ni saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Zinazozidi ni kazi ya ziada, ya kukubaliana, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu. Ikiangukia kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, inaongezwa asilimia 5. (Mameneja wa juu wana utaratibu wao.) Ugonjwa una likizo yake: siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu. Peleka cheti cha daktari. Siku zako 28 za mwaka haziguswi.

SWALI: Niweke programu ya kupiga picha skrini za wafanyakazi? — Msomaji, Mbezi

JIBU: Hapana. Itanasa taarifa za wateja na meseji za nyumbani, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 itakudai maelezo. Hesabu kazi iliyotoka: ankara ngapi, makosa mangapi yamerudishwa.