Maswali yenu: Bwana na mtwana katika Uingereza ya ukabaila

Wanafunzi na walimu wamenitumia maswali kuhusu ukabaila wa Ulaya, mfumo ambao bwana alishika ardhi na mtwana, mkulima aliyefungwa kwenye ardhi hiyo, akamfanyia kazi. Nayajibu kwa mfano wa Uingereza, kwa kuwa kumbukumbu zake za vijijini ni nyingi na zinaeleza mambo kinagaubaga.

Mtwana alitofautiana vipi na mtumwa?

Mtumwa aliweza kutenganishwa na jamaa zake akauzwa mbali. Mtwana kwa kawaida alikwenda na ardhi: milki ikipata bwana mpya, naye anapata bwana mpya palepale alipo. Alikuwa na nyumba, mifugo na vipande vya shamba ambavyo wanawe walirithi, ila hakuweza kuhama bila ruhusa. Katika Domesday, orodha ya ardhi na watu iliyoandikwa mwaka 1086 kwa amri ya mfalme William wa Kwanza, watumwa ni kama mmoja katika kila watu kumi walioorodheshwa. Karne iliyofuata utumwa ulififia, lakini kamba ya mtwana ilizidi kukazwa na mahakama.

Alimfanyia bwana kazi siku ngapi kwa wiki?

Mara nyingi siku mbili au tatu, tena akija na ng'ombe wake wa kulimia. Msimu wa mavuno siku ziliongezeka, wakati huohuo ngano yake mwenyewe ikimngoja shambani. Hapo bwana alitoa chakula, na kumbukumbu za baadhi ya milki zinataja hata kama kitateremshwa kwa bia au kwa maji.

Hayo ni ya jasho tu. Binti akiolewa, bwana alilipwa ada. Mavuno yakiingia, kanisa lilichukua fungu la kumi. Na baba akifa, bwana alichukua mnyama aliye bora kuliko wote zizini, na mara nyingi padri akachukua anayefuata. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Mjane hajamaliza matanga, ng'ombe anayevuta plau anafunguliwa na kuondoka. Msimu ujao atalimia nini?

Kwa nini walilazimishwa kusaga kwenye kinu cha bwana?

Kwa sababu kinu kilimpa bwana sehemu ya kila gunia. Kusagia nyumbani kwa mawe ya mkono kulikuwa kumnyima mapato. Mjini St Albans, ambako bwana alikuwa abasia, yaani nyumba ya wamonaki inayoongozwa na abate, ugomvi huu ulidumu miaka mingi. Katika miaka ya 1330 Abate Richard wa Wallingford aliwanyang'anya watu mawe yao, na mawe hayo yakatandazwa kuwa sakafu ndani ya abasia. Fikiria mtu aliyekwenda kulipa kodi na kukanyaga jiwe la mama yake.

Juni 1381, wakati wa uasi mkubwa wa wakulima, watu wa mji waliingia wakaing'oa sakafu ile. Mmonaki Thomas Walsingham, aliyeandika habari za uasi huo na ambaye hakuwapenda waasi hata kidogo, anasema waligawana vipande kama mkate uliobarikiwa unavyogawanywa kanisani Jumapili. Takribani miaka hamsini imepita, na hawakusahau.

Kitabu chetu kinasema bwana alitoa ulinzi na mtwana akatoa kazi. Basi yalikuwa makubaliano?

Sikubaliani. Makubaliano yalikuwapo juu, baina ya mfalme na wakubwa wake: ardhi kwa kiapo na utumishi wa vita, ambao kwa desturi ulikuwa siku 40 kwa mwaka. Mtwana hakuapa kwa hiari, alizaliwa humo. Akidhulumiwa ardhi na bwana wake, mahakama ya mfalme haikumsikiliza. Alirudishwa kwenye baraza la milki, ambalo msimamizi wake aliwekwa na bwana huyohuyo. Kilichomkinga kidogo ni mila ya mahali: wazee wakiapa kwamba kazi fulani haikuwahi kudaiwa, bwana alipata shida kuidai.

Nini kilivunja mfumo huu?

Tauni ya 1348 na 1349 iliua labda theluthi moja hadi nusu ya watu, na waliobaki wakajua thamani ya mikono yao. Bunge likajaribu kuzuia ujira usipande kwa sheria ya 1351, kisha ikaja kodi ya kichwa. Tarehe 14 Juni 1381 waasi walimwambia mfalme Richard wa Pili, kijana wa miaka 14, kwamba wanataka utwana ufutwe na kodi ya ardhi iwe peni 4 kwa eka. Alitoa hati za uhuru, na mwezi uliofuata akazifuta. Lakini wafanyakazi walibaki adimu, na taratibu mabwana wakakubali pesa badala ya siku za kazi.

Je, nyarubanja ya Buhaya ni kitu hichohicho?

Ni ndugu wa karibu. Huko Buhaya, kaskazini magharibi mwa Tanzania, Mukama, yaani mfalme, aliwagawia wakubwa ardhi, na waliokaa juu yake walitoa mazao na kazi. Ila usiandike kwenye mtihani kwamba ni nakala ya Uingereza. Buhaya ni nchi ya migomba na kahawa, mimea inayodumu, kwa hiyo aliyefukuzwa aliacha nyuma jasho la miaka mingi. Nyarubanja ilivunjwa kwa sheria ya 1965, iliyowapa wapangaji njia ya kuimiliki ardhi waliyoilima.