Ngozi Imefunga, Kidole Bado Hakijapona

Mimi ni fundi cherehani, Ujiji. Kioo cha dirisha kilinipasukia mkononi nikikifuta, kikanikata kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, upande unaotazamana na gumba. Kwenye zahanati wakanisafisha, wakanishona nyuzi tano. Wiki mbili baadaye kidonda kilikuwa kimefunga vizuri, ila upande ule ulikuwa umekufa ganzi. Nikaambiwa itaisha yenyewe.

Mwezi wa tatu tangu nikatwe, nikinyoosha sare za shule kwa pasi ya mkaa, nikasikia harufu ya kuungua. Nikainua shati haraka kulitazama. Shati lilikuwa zima. Kilichoungua ni kidole changu, na sikusikia maumivu yoyote.

Basi wewe uliyekatwa na kisu ukipaa migebuka, au na panga shambani, nakusihi: kabla hujachomwa sindano ya ganzi na kushonwa, fumba macho, mhudumu akuguse ncha ya kidole pande zote mbili. Kila kidole kina mishipa miwili ya fahamu upande wa kiganja, mmoja kulia na mmoja kushoto, kwa hiyo upande mmoja unaweza kufa na mwingine ukabaki mzima. Upande uliokufa huwa mkavu, hautoi jasho. Ukiloweka mkono majini nusu saa, ngozi yake haijikunji kama ya vidole vingine. Nilifua nguo miezi yote ile na sikuligundua hilo.

Mshipa wa fahamu uliokatwa ukishughulikiwa mapema, mara nyingi ncha zake mbili huunganishwa moja kwa moja. Mimi nilichelewa. Daktari wa upasuaji wa mikono, Dar es Salaam, alikuta ncha zimejikunja na kufanya kovu. Alipokata kovu likabaki pengo la sentimeta mbili. Kuzivuta zikutane kwa nguvu hakufai, mshipa uliokazwa hauponi vizuri. Akachukua kipande cha mshipa wa fahamu nyuma ya kifundo cha mguu, akakishona katikati kwa uzi mwembamba kuliko unywele, akitazama kwa hadubini. Kipande hicho chenyewe hakileti hisia. Ni kama mfereji: nyuzi za fahamu kutoka upande mzima huota zikipitia humo hadi ncha ya kidole. Gharama yake mwilini ni ganzi pembeni mwa unyayo. Niliambiwa mapema nikakubali, maana unyayo haushoni nguo. Nawe uliza watachukua wapi na utapoteza nini.

Halafu kungoja. Mshipa huota kama milimita 1 kwa siku, tena baada ya kukaa wiki kadhaa bila kuanza. Nilivaa banzi wiki tatu. Daktari alinifundisha kujigongagonga kidole taratibu: pale panapopiga shoti kama ya umeme ndipo nyuzi zilipofika. Kila Ijumaa nilipima kwa futi ya kushonea. Shoti ilisogea kuelekea kwenye kucha, na siku zile ndizo zilizonipa moyo. Mwezi wa tano baada ya upasuaji nikahisi baridi ya sindano.

Hisia zikianza kurudi huja zimevurugika, na ubongo lazima ufundishwe upya. Hapa ndipo wengi huacha, na ndipo ninapotaka uwe mkaidi. Mwanangu alikuwa akinipa kipande cha nguo, naking'amua macho wazi, kisha macho yamefumbwa: satini, khaki, kanga mpya yenye wanga, gunia. Baadaye mchele na dagaa wakavu. Dakika kumi, mara tatu au nne kwa siku, karibu mwaka mzima. Kama unavuta sigara, acha, kwani hupunguza damu inayolisha mshipa.

Sasa ni mwaka na nusu tangu upasuaji. Mtu mwenye kidole kizima, akiguswa kwa ncha mbili kwa pamoja, hutambua kuwa ni mbili hata zikiachana chini ya milimita 6. Mimi natambua kuanzia 9. Asubuhi za baridi kidole huuma. Uzi naushika, pindo nalipapasa nikajua limekaa. Pasi bado naijaribu kwa mkono wa kulia.