"Gratia plena": plena ni sifa ya nani?

SWALI: Mwalimu, salamu. Kwaya yetu inajifunza Misa ya Kilatini. Kwenye Ave Maria, penye "gratia plena" (umejaa neema), mwenzetu anashikilia kwamba "plena" inakwenda na "gratia" kwa kuwa yote mawili yanaishia na -a. Halafu kwenye Sanctus (Mtakatifu) tunaimba "pleni sunt caeli et terra" (mbingu na dunia zimejaa). Terra ni ya kike, mbona isiwe plena?

JIBU: Mwenzenu amepotoshwa na maandishi. Kivumishi plenus (kike plena, isiyo kike wala kiume plenum) hufuata nomino inayosifiwa kwa jinsia, idadi na uhusika (kazi ya nomino katika sentensi). Hapo anayesifiwa ni Maria: wa kike, mmoja, tena anaitwa. Gratia haisifiwi, ndiyo iliyomjaza. Imo katika ablativu (uhusika unaoonyesha hapa kitu kinachojaza), na -a yake ya mwisho ni ndefu, ilhali ya plena ni fupi. Kamusi nzuri huweka kistari juu yake, gratiā. Vitabu vya nyimbo haviweki, na hapo ndipo wengi huteleza. Tazameni sala yenyewe kwa Kiswahili: "umejaa neema". Ile u- ni ya Maria, neema haina kiambishi chake humo.

Msishangae mkikuta plenus na genitivu (uhusika wa umilikaji, "-a neema") pia. Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, aliipendelea hiyo. Vulgata, Biblia ya Kilatini, inazo zote mbili: Yohane 1:14 ina "plenum gratiae et veritatis", genitivu, Matendo 6:8 inasema Stefano alikuwa "plenus gratia et fortitudine", ablativu. Maana ni ileile, na anayelazimisha tofauti ya kiteolojia hapo anajichosha bure. Hata Te Deum, wimbo wa kale wa sifa, hubadili: "pleni sunt caeli et terra maiestatis gloriae tuae", genitivu, wakati Sanctus yenu ina "gloria tua" (utukufu wako), ablativu.

Sasa pleni. Caelum kwa umoja si ya kike wala ya kiume, lakini wingi wake kanisani ni caeli, wa kiume. Nomino mbili za jinsia tofauti zikishiriki kivumishi kimoja, Kilatini hukiruhusu kifuate iliyo karibu nacho, na iliyo karibu hapa ni caeli. Terra inabebwa tu. Mkitaka kuiona ikiwa peke yake, fungueni Isaya 6:3, aya iliyozaa Sanctus. Mbingu hazitajwi pale, kwa hiyo Vulgata inasoma: "plena est omnis terra gloria eius" (dunia yote imejaa utukufu wake). Na gloria hiyo, mwambieni mwenzenu, ni ablativu vilevile.