Kwa nini ninamweka Song Kang-ho mbele ya waigizaji wote wa Korea

Ndugu, umeuliza kwa nini wapenzi wa filamu za Korea Kusini tunamtaja Song Kang-ho kabla ya vijana watanashati wa tamthilia, na uanze na filamu ipi. Nami nilijiuliza hivyo nilipomwona mara ya kwanza katika filamu ya Parasite, kwani sifa zote nilimpa mwongozaji, Bong Joon-ho, naye nikamwona baba wa kawaida tu. Nilikuja kumwelewa niliporudi nyuma na kuzitazama kazi zake kwa kufuata miaka.

Alizaliwa mwaka 1967 huko Gimhae, na uigizaji hakuusomea darasani. Aliupatia jukwaani, katika vikundi vya maigizo, hadi alipoingia katika filamu mwaka 1996. Mwaka uliofuata, katika No. 3, aliigiza jambazi mwenye kigugumizi, na ingawa nafasi yenyewe ilikuwa ndogo, ndiyo iliyomtambulisha kwa watu.

Anza na Memories of Murder ya mwaka 2003, iliyoongozwa na Bong Joon-ho huyohuyo, inayotokana na mauaji ya wanawake yaliyoanza mwaka 1986 katika eneo la Hwaseong. Song ni askari mpelelezi wa mashambani anayejigamba kwamba humjua mhalifu kwa kumtazama machoni. Karibu na mwisho, mvua ikinyesha mbele ya handaki la reli, anamshika mtuhumiwa uso, anamkazia macho kwa muda mrefu, kisha anakiri kwamba hajui, na kumuuliza kama anapata chakula. Maneno hayo ya chakula aliyabuni Song mwenyewe. Nimeyarudia mara nyingi, na kila mara nasikia ndani yake hasira, uchovu na huruma kwa pamoja, hasa nikikumbuka kwamba muuaji halisi alitambuliwa mwaka 2019 tu.

Baada ya hapo tazama A Taxi Driver ya mwaka 2017, ambamo anaigiza dereva wa Seoul aliyempeleka mwandishi wa habari wa Kijerumani katika mji wa Gwangju mwaka 1980, wakati jeshi likiwaua raia huko. Akiwa njiani kurudi kwa binti yake, anaanza kuimba, sauti inamkwama, machozi yanamtoka, kisha anageuza gari. Sijaona mwigizaji mwingine aliyeuonyesha uamuzi mgumu kwa njia nyepesi hivyo.

Tuzo ya mwigizaji bora wa kiume aliipata katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 2022 kwa filamu ya Broker, akiwa Mkorea wa kwanza kuipata, lakini kwa maoni yangu hiyo si kazi yake kubwa kuliko zote.

Ukizimaliza hizo, rudi kwenye Parasite, pale anapoigiza dereva maskini anayemwendesha mke wa tajiri, naye mama huyo akiwa kiti cha nyuma anaziba pua na kufungua dirisha. Song hasemi neno; ananusa shati lake tu, na uso wake unabadilika. Mara ya kwanza mimi nilikuwa namtazama yule mama.