Uvundo wa masika ndani ya nyumba

Dada yangu wa Wete, umeuliza ufanyeje nyumba inukie masika haya, na dawa za kupuliza zinakubana kifua. Kwanza ondoa unyevu: fungua madirisha, anika magodoro kila jua likichomoza. Ukifukiza juu ya ukungu, unauficha tu.

Kisha bandika sufuria ya maji kwenye moto mdogo, utie karafuu kijiko kimoja, mdalasini na mchaichai uliopondwa. Iache wazi, mvuke utembee hadi vyumbani. Maji yakipungua ongeza. Karafuu kavu zifunge kitambaani, uweke kabatini kwenye nguo. Jioni tawanya asumini kitandani, maana hufunguka magharibi na kunukia usiku kucha. Udi naupenda mno, lakini moshi wake kwa kifua chako, hapana.