Kabla hujamuuza kuku kwa kuwa "hatagi", mshike kwanza

Wewe unayeanza kufuga kuku wachache uani, siku utakayokuta kiota kitupu mara kadhaa mfululizo usikimbilie kisu. Kuku wa kienyeji anayefunguliwa asubuhi anaweza kutagia nyuma ya kuni au kwenye majani ya jirani, na yai linaweza kuliwa na kenge au na kuku wenyewe kabla hujaliokota. Kiota hakitoshi kuwa ushahidi. Mkague kuku mwenyewe.

Fanya kazi hiyo usiku, wakishapanda kulala, maana hapo hawakimbii wala hawaumizani. Mbane kuku kwapani, kichwa kikielekea nyuma yako, mkono mmoja umeshika miguu. Kwa mkono wa pili tafuta ncha mbili za mifupa ya nyonga, moja kila upande wa tundu la kutagia. Kuku anayetaga, vidole viwili au vitatu vinaingia katikati ya ncha hizo bila taabu. Asiyetaga, hata kidole kimoja kinabanwa. Halafu pima kutoka kwenye ncha hizo mpaka mwisho wa mfupa wa kidari: anayetaga huwa na nafasi ya vidole vitatu au vinne, na tumbo lake ni laini. Vidole vya watu havilingani, na kuku wa kienyeji ni mdogo kuliko kuku chotara kama Kuroiler au Sasso, kwa hiyo anza na kuku ambaye una hakika anataga ili mkono wako upate kipimo.

Ukiwa bado umemshika, puliza manyoya ya nyuma uone tundu lenyewe. La kuku anayetaga ni pana, limelowa, limepauka. La aliyeacha ni dogo, la duara, kavu, limejikunja. Upanga wa kichwani nao husaidia: ukiwa mwekundu na umejaa, ni dalili njema, ukisinyaa na kupauka, ama ameacha kutaga ama anaumwa.

Utasikia pia habari ya rangi ya njano. Ni kweli kwamba kuku mwenye ngozi ya njano akianza kutaga, rangi ile inakwenda kwenye kiini cha yai, naye hupauka kwa mpangilio: tundu kwanza, kisha ukingo wa jicho, mdomo kuanzia shinani, na miguu mwisho. Lakini rangi hiyo hutoka kwenye majani mabichi na mahindi ya njano. Huku kwetu tunakolisha pumba za mahindi meupe, kuku wa kufungiwa anaweza kuwa na miguu myeupe na hajawahi kutaga hata yai moja. Mimi naamini mifupa kuliko rangi.

Sasa, ukigundua kweli hatagi, jiulize yuko wapi katika mzunguko wake. Hapa ndipo kuku wengi wazuri wanapochinjwa bure. Kuku wa kienyeji hutaga mayai kama 10 hadi 15, huatamia siku 21, kisha hulea vifaranga wiki kadhaa. Muda wote wa kuatamia na kulea mifupa yake itakuwa imebana, na hana kosa lolote. Anayenyonyoka manyoya naye hupumzika mpaka mapya yaote. Tembe, yaani kuku jike ambaye hajaanza kutaga, wa kienyeji anaweza kufika miezi 6 au zaidi kabla ya yai la kwanza. Tazama pia maji: chombo kikikauka mchana mmoja wa jua kali, mayai yanaweza kukatika kwa siku kadhaa.

Mkono ukisema anataga na mayai huyaoni, mfungie bandani na maji na chakula mpaka saa nane mchana, siku tatu hivi, kwa sababu yai moja huchukua takriban saa 25 kutengenezwa na wengi hutaga kabla ya hapo. Usimhamishie mahali pageni kabisa, kwani hofu nayo humfanya asitage.

Na yule ambaye mifupa imebana, funga uzi mguuni umkague tena baada ya wiki tatu. Akiwa bado vilevile, halei, haatamii, hanyonyoki na anakula vizuri, hapo mpeleke sokoni.