Kwenye Haskell, faili lishike mwenyewe

Wiki iliyopita dada mmoja wa Mwanza ameniandikia. Anajifunza Haskell, lugha ya kuandikia programu, na programu yake inasoma faili dogo la majaribio bila shida, lakini akiipa faili halisi la kazini mashine inaganda. Wote aliowauliza wamemwambia aachane na lugha za wasomi, arudi kwenye Python. Ujumbe ule umenigusa, maana maneno hayo hayo niliambiwa mimi mbele ya watu.

Kazini kwetu kulikuwa na programu ya Haskell iliyoachwa na mwenzetu aliyehama. Kila usiku ilichukua miamala ya mawakala, ikaisafisha, ikajumlisha, ikaandika faili jipya la asubuhi. Faili lilipofika kama megabaiti 200, programu ikaanza kufa katikati ya kazi. Kikao kikaitwa. Mkubwa mmoja, ambaye hakuwahi kufungua msimbo ule, akasema lugha ya namna hiyo ni ya darasani, haijui diski. Nikaomba nipewe muda. Watu wakacheka, na kicheko kile bado ninacho. Leo programu ile ile, kwenye seva ile ile kuukuu yenye kumbukumbu (RAM) ya gigabaiti 4, inamaliza kazi kabla watu hawajaamka, na mwezi uliopita nimekabidhiwa mfumo mzima niusimamie. Hesabu sikuzigusa. Nilichobadilisha ni namna ya kusoma na kuandika faili tu.

Mafunzo mengi yanaanza na `readFile`, amri ya kusoma faili, na shida nyingi zinaanzia hapo hapo. Inakurudishia `String`, na `String` ya Haskell ni mnyororo wa herufi, kila moja imefungwa kwenye kiungo chake. Kwenye GHC, kompaila ya Haskell, ya biti 64, kiungo kimoja kinakula baiti 24 kwa herufi ambayo kwenye diski ni baiti 1. Zidisha mwenyewe: megabaiti 200 zinageuka gigabaiti 4.8 endapo programu inalishikilia faili zima. Na ile yetu ililishikilia zima, kwa sababu ilijumlisha kwanza, ndipo ikarudi mwanzo kuandika mistari. Seva yenye gigabaiti 4 ingeyaweka wapi yote hayo?

Halafu kuna uvivu. Ukiita `readFile`, faili linafunguliwa, lakini baiti haziji mpaka mtu azihitaji. Ni kama fundi anayekupigia simu kwamba kazi imeanza, kumbe hajatoka nyumbani. Ndiyo maana ukitumia `hGetContents` ndani ya `withFile`, ambayo hulifunga faili yenyewe ikimaliza, na kuyatoa maandishi nje, mlango unafungwa kabla hakijasomwa chochote, unapata kosa la "delayed read on closed handle". Zamani GHC ilikaa kimya kabisa, ikakupa maandishi yaliyokatika ukadhani faili ndivyo lilivyo. Na ukisoma faili kwa `readFile` kisha ukataka kuliandika hilo hilo kwa `writeFile`, unaambiwa "resource busy (file is locked)". Watu wanalaumu Linux. Kufuli hilo ni la GHC yenyewe: wasomaji wengi wanaruhusiwa pamoja, mwandishi ni mmoja, peke yake.

Kwa faili dogo la mipangilio, `readFile'` yenye ritifaa mwishoni inatosha. Iko kwenye `System.IO` tangu toleo la 4.15 la base, maktaba ya msingi ya Haskell, na inasoma lote papo hapo. Kwa mzigo wa kweli, shuka chini. Hiki ndicho kipande nilichoanza nacho:

```haskell
nakili :: Handle -> Handle -> IO ()
nakili chanzo lengo = allocaBytes ukubwa zungusha
  where
    ukubwa = 65536
    zungusha bafa = do
      n <- hGetBuf chanzo bafa ukubwa
      when (n > 0) $ do
        hPutBuf lengo bafa n
        zungusha bafa
```

`allocaBytes` inaazima kilobaiti 64 na kuzirudisha yenyewe, hata kosa likitokea katikati. `hGetBuf` inajaza bafa, yaani nafasi hiyo iliyoazimwa, na kukwambia imeweka baiti ngapi. Ikisema 0, faili limekwisha. Faili liwe la megabaiti 2 au gigabaiti 20, kumbukumbu inayotumika ni ile ile. Hii ni Haskell, na hapa unashika anwani za kumbukumbu kwa mkono kama mtu wa C, huku kompaila ikiendelea kukuchunga aina zako. Sijui ni lipi zaidi ambalo wale waliocheka walilitaka.

Kwa mistari sipendekezi kuhangaika na anwani. Tumia `ByteString`, baiti zilizopangwa pamoja bila viungo: uliza `hIsEOF`, chukua mstari kwa `hGetLine` ya `Data.ByteString.Char8`, uchakate, uandike, uuache uende. Soma kidogo, andika kidogo. Kujumlisha kunafanyika humo humo njiani, kwa pito moja.

Jambo lililonisumbua kuliko yote lilikuwa jina la Ng'wandu. Wakala mmoja alikuwa akiandika orodha yake kwenye Windows, na mashine yake iligeuza ile alama ya ng' kuwa ya kupinda. Katika usimbaji (namna ya kuandika herufi kwa baiti) wa Windows-1252 alama hiyo ni baiti 146. Kwenye UTF-8, usimbaji mwingine, baiti hiyo haiwezi kuanzisha herufi yoyote, kwa hiyo kishikio (`Handle`, kiungo cha programu na faili) kilichofunguliwa kwa maandishi kinagoma pale pale, na kazi ya usiku mzima inasimama kwa sababu ya jina la Msukuma mmoja. Kwetu majina ya ng' ni mengi, na wanaoandika vitabu vya Haskell hawakutani nayo. Dawa yake ni `openBinaryFile`: unapokea baiti kama zilivyo, kisha unaamua mwenyewe zisomwe kwa usimbaji upi, mstari kwa mstari, na ulio mbovu unautenga pembeni.

Na umeme. `hFlush` inasukuma baiti kutoka kwenye bafa ya Haskell hadi kwenye mfumo endeshi, basi. Diski inaweza kuwa haijaona kitu. Umeme ukikatika hapo, asubuhi unakuta faili nusu. Mimi naandika kwenye faili la muda lililo ndani ya folda ile ile, naita `handleToFd`, ambayo inamwaga bafa na kukifunga kishikio, halafu `fileSynchronise` ya kifurushi cha `unix` ili diski ipokee kweli, `closeFd`, na mwisho `renameFile` juu ya jina halisi. Anayelifungua anakuta la jana au la leo, yote mazima.

Vijana wenzangu, msikubali kuvunjwa moyo na mtu ambaye hajafungua hata nyaraka za `System.IO`. Maneno ya kwamba Haskell haijui diski yangekuwa na mshiko kidogo mwaka 1990, toleo la kwanza lilipotoka na `main` ikiwa inapokea orodha ya majibu na kurudisha orodha ya maombi, ambayo ilikuwa tabu kuiandika. Toleo la 1.3 la mwaka 1996 lilileta `IO` tunayoitumia sasa. Miaka yote hiyo imepita, na bado mtu anasimama kwenye kikao kumkatisha tamaa kijana. Someni. Pimeni kumbukumbu kwa `+RTS -s`, muone namba wenyewe, muende nazo kikaoni.

Dada wa Mwanza, umeuliza pia kwa nini taarifa (logi) ambazo programu inaandika hazionekani ukizielekeza kwenye faili, ilhali kwenye skrini zinatoka mstari baada ya mstari. GHC ikiona `stdout` si terminali, inakusanya baiti mpaka bafa ijae. Weka `hSetBuffering stdout LineBuffering` kama mstari wa kwanza wa `main`, kisha nitumie ile sehemu yako inayojumlisha, nadhani orodha inashikiliwa hapo.